Linanyonga, Linachoma, Linavuta: Maumivu ya Endometriosisi na Masikio Yetu



Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13. Bibi alinikalisha jamvini akanifunda mengi ambayo yananifaa hadi leo, na moja lililonigharimu: kwamba tumbo la mwezini ni chango, chango ni la wanawake wote, na mwanamke huvumilia. Nilivumilia miaka 17. Katika miaka hiyo nilitibiwa taifodi, nikatibiwa U.T.I. mara nisizoweza kuzihesabu, nikatolewa kidole tumbo kilichokuwa kizima. Daktari mmoja aliniambia mbele ya mume wangu kwamba nikizaa litaisha. Nilizaa. Halikuisha. Lilikuwa endometriosisi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani takriban milioni 190, anaugua endometriosisi. Wengi hukaa miaka mingi kabla ya kuambiwa jina la kinachowatesa.

Ndani ya nyumba ya uzazi kuna utando unaojengeka kila mwezi, kisha hubomoka na kutoka kama hedhi. Katika ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya nyumba ya uzazi, juu ya utumbo na kibofu. Nayo huitikia homoni, huchokoza nyama za jirani, na baadaye makovu hushikanisha viungo vilivyopaswa kuteleza. Mwaka 1927 daktari John Sampson alieleza kuwa damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kuzipandikiza chembe za utando huo. Lakini damu hiyo hurudi kwa wanawake wengi sana wasiougua, kwa hiyo maelezo yake peke yake hayatoshi. Mara chache ugonjwa hufika kifuani. Ndivyo ulivyomfika mtangazaji wa Kenya, Njambi Koikai, aliyetibiwa Atlanta, Marekani, na kufariki Juni 2024. Hapa kwetu Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza hadharani akasimulia maumivu yake na upasuaji aliofanyiwa, wakati ambapo hedhi ilikuwa haitajwi hata redioni bila mtangazaji kushusha sauti.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta jukwaani. Sisi tunaotibu wodini tunamuuliza mgonjwa: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako ni mangapi? Mama mmoja wa makamo alinitazama akasema, “Mangapi vipi, mwanangu? Ni maembe haya?” Nikaiweka kadi ya namba chini. Nikamwomba anieleze tumbo lenyewe linafanyaje. Akasema linanyonga usiku. Likiachia, linabaki kuvuta kiunoni. Na siku za hedhi akienda haja kubwa linachoma mpaka anang’ata upindo wa kanga.

Maneno machache, na ndani yake mna ramani. Kunyonga kunanipeleka kwenye misuli ya nyumba ya uzazi inayojikaza. Kuvuta kunanifanya nifikirie makovu, au misuli ya nyonga iliyosahau kulegea. Kuchoma kwa haja kubwa siku za hedhi kunanifanya nihofie utumbo. Si uthibitisho, ila ni mahali pa kuanzia, na faili lake la nyuma lilikuwa limeandikwa maneno mawili tu: maumivu tumbo. Alikuwa ameyasema yote tangu mwanzo, akakosa mwandishi. Hata swali la maumivu wakati wa tendo la ndoa hujibiwa, ukifunga mlango na kuliuliza taratibu. Wengi wamengoja miaka kuulizwa.

Tusisubiri picha ituruhusu kuamini. Ultrasaundi inaweza kuonekana safi na ugonjwa upo. Na mwenye vidoa vichache vya tishu hiyo anaweza kuumia kuliko aliyejaa makovu.

Wanafunzi huniuliza kwa nini maumivu hubaki hata baada ya upasuaji mzuri. Mfikirieni mlinzi aliyevamiwa kila usiku mwaka mzima. Hata wezi wakikamatwa, paka akipita atapiga filimbi. Mishipa ya fahamu iliyopokea maumivu kwa miaka huwa hivyo: hupiga filimbi kwa kibofu kilichojaa tu. Ndiyo maana kisu peke yake hakitoshi. Mazoezi ya kulegeza nyonga, usingizi, kutembea, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga: hivyo navyo ni tiba, na asikucheke mtu.

Dawa kama ibuprofeni huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu. Hazifuti zilizokwisha kutengenezwa. Kidonge kimezwe dalili zinapoanza, baada ya chakula, na kisiwe cha kila siku, kwa sababu ya tumbo na figo. Nimewauguza mabinti waliotuliza maumivu ya hedhi kwa diklofenaki wakapata vidonda vya tumbo.

Dawa za homoni ndizo zenye vita. Nyingi ni zile zile za uzazi wa mpango, na mama akisikia binti yake wa miaka 16 amepewa, hukunja uso. Wengine huogopa kwamba hedhi ikikatika, damu chafu itaganda ndani. Mimi huketi nao. Huwaambia: mama, dawa inazuia utando usijengeke, kwa hiyo hakuna damu iliyobaki ndani. Nusu saa hiyo ya mazungumzo imewarudisha shuleni wasichana ambao, bila hiyo, kidonge chao kingeachwa dirishani.

Mimi sijapona. Nina kalenda, nina dawa, nina wenzangu wanaonishikia vipindi siku mbili ninazozijua mapema, na nawashukuru mbele ya hadhara hii. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana hao. Kanuni zetu za mitihani zinadai cheti cha ugonjwa wa ghafla, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, na huu hurudi kila mwezi. Nimeleta rasimu ya kifungu kipya. Iko mezani kwako.

Kesho saa moja asubuhi wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaanza zamu wodi ya wanawake. Nimewaongezea mstari mmoja kwenye fomu, chini ya ile namba, nao waujaze kwa kitenzi cha mgonjwa mwenyewe, kama alivyokitamka.