Nafasi ya Vikundi vya Kufa na Kuzikana katika Kumuuguza Mwanachama Mwenye Saratani

Utangulizi



Hapa Usagara, mkoani Mwanza, tunajua kuzikana. Mwanachama akifariki, ujumbe huingia kwenye simu zetu asubuhi, na kabla jua halijazama jeneza limelipiwa, turubai limefungwa, mchele umefika na kina mama wako jikoni. Hoja yangu ni moja: nguvu hiyo ianze kufanya kazi siku mwanachama anapoambiwa ana saratani.

Mzigo anaoubeba mgonjwa

Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alilazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Leo mionzi inatolewa hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, na daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limewaondolea wagonjwa wa Sengerema na Geita adha ya kungoja kivuko. Safari imefupika, lakini gharama bado ni nzito.

Tuchukue saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini. Ikigundulika mapema, huweza kutibiwa kwa upasuaji. Ikishasogea, kwa kawaida mama huhitaji mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, pamoja na dripu ya dawa kila wiki na mionzi ya ndani. Hapo kuna nauli ya kila siku, au chumba cha kupanga karibu na hospitali. Kuna mtu wa kumuuguza, na pengine damu ya kuongezewa. Nyumbani nako mpunga unahitaji palizi na watoto wanahitaji kula. Wapo wanaoacha tiba njiani, wakiwa bado wanataka kupona, kwa sababu tu nauli imekwisha.

Pengo lililopo

Tufungue daftari la mweka hazina. Tutakuta jeneza, sanda, gari la kubebea mwili, chakula cha msiba. Nauli ya mgonjwa hatutaikuta. Mwenzetu akiugua, tunampa pole mara moja, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na matibabu yake ndiyo kwanza yameanza. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa au kwamba saratani inaambukiza, na kuacha hata kula naye. Saratani haiambukizwi kwa kukaa, kula wala kulala chumba kimoja na mgonjwa.

Mapendekezo

1. Katiba ya kila kikundi iongezwe kipengele cha matibabu ya muda mrefu. Mchango utolewe kidogo kidogo kila wiki hadi tiba iishe, badala ya kutolewa mara moja.

2. Zamu zipangwe na kuandikwa: nani anamsindikiza hospitali, nani anapalilia shamba, nani anapika, nani anachangia damu.

3. Anayemuuguza mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani afundishwe kwamba homa ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

4. Siri ya mgonjwa ilindwe. Picha yake isirushwe kwenye kundi la simu, wala ugonjwa wake usitajwe, mpaka yeye mwenyewe aridhie. Fedha zipokelewe na watu wawili, na hesabu isomwe kikaoni.

5. Kina mama wa vikundi wahimizane kwenda kupimwa mlango wa kizazi, hasa anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi.

6. Ikibainika kwamba ugonjwa hauponi tena, kikundi kisiondoke. Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ipo, na mofini ya kunywa hutuliza maumivu makali. Mwenzetu ana haki ya kulala usiku bila kulia.

Hitimisho

Fedha tunazo, maana kila msiba tunazipata. Watu tunao, maana makaburini tunajaa. Kinachotakiwa ni uamuzi. Naomba kila kiongozi wa kikundi apeleke kipengele hicho cha matibabu kwenye kikao kijacho cha kikundi chake, kipigiwe kura, kiandikwe kwenye katiba, na mchango wa kwanza ukusanywe siku hiyohiyo.