Darasa la Maigizo si Burudani ya Wageni

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Tumeulizwa kwa nini tunaendelea kutenga fedha za darasa la maigizo kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, wakati yapo mapaa ya zahanati yanayovuja. Swali ni halali, nasi tunalijibu.

Kazi hii haikuanza kwetu, wala haikutoka mbali. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa TUSEME katika shule za sekondari. Wasichana walikuwa wakinyamaza darasani, huku watu wazima wakiwasemea. TUSEME iliwapa nafasi ya kutaja wenyewe yanayowakwamisha, kuyatungia igizo, kulionyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha kujadili la kufanya. Baadaye FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za bara letu.

Sisi tumechanganya hayo na mbinu ya Mbrazili Augusto Boal, ambayo igizo husimamishwa pale tatizo linapokaza, na mtazamaji yeyote huingia kuchukua nafasi ya mhusika ili ajaribu njia nyingine. Ngoja tuwape mfano mmoja. Vijana walitunga igizo la msichana anayepewa lifti na dereva wa bodaboda kila jioni, hadi siku dereva anapodai "shukrani" yake. Igizo likasimama hapo. Kijana mmoja wa kiume akapanda kwa kujiamini, akasema, "Nakataa!" Aliyecheza dereva akamwuliza atafikaje nyumbani, kilomita saba, na giza linaingia. Yule kijana akakosa jibu.

Wajumbe, hilo "kataa" ndilo tulilowahubiria mabinti kwenye semina zetu miaka yote. Mle darasani halikudumu hata dakika moja. Wasichana watatu wakapanda kwa zamu. Mmoja alijaribu kutembea na wenzake, mwingine akamwendea shangazi, wa tatu akawakabili viongozi wa kijiwe cha bodaboda akiwa na mzee wa usharika. Huyo wa tatu alimbana mzee kwa maswali mpaka watu wakacheka, lakini wazee waliokuwepo walicheka kidogo tu. Wazo lake linatuhusu sisi moja kwa moja, na kijiwe kipo.

Faida nyingine mnazijua: kijana husoma kwa sauti, hukariri, husikiliza mwenzake kabla ya kujibu, na huwahi kwa kuwa bila yeye zoezi haliendi. Wazazi wanaohofia uhuni tunawakaribisha waje wakae nyuma watazame.

Kuna jambo moja tunalisimamia kwa ukali. Kisa cha mtoto mwenyewe hakipandishwi jukwaani kama kilivyo. Mwalimu hukigeuza, na mtoto halazimishwi kusimulia. Ikionekana kuna ukatili wa kweli, igizo linaachwa. Mwalimu huwasiliana na ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu 116 ya huduma kwa mtoto. Sharika lisilo na mwalimu anayezijua njia hizo lisianze darasa kwanza.

Tena, msiwaite vijana hawa kila mgeni anapofika. Wakizoea kuigiza kwa ajili ya makofi, wataigiza yale yanayotupendeza sisi wakubwa, na yule dereva wa bodaboda hatamwona mtu tena.

Ndugu wafadhili, hatuombi mavazi wala vipaza sauti. Khanga mbili na kigoda vinatosha. Tunaomba posho ya mwalimu, maana mwalimu akikosa nauli darasa hufungwa.

Kamati tunawaomba chumba kwa saa mbili kila Jumamosi, na mzungumze na wazazi. Wavulana hufika saa nane kamili. Wasichana wengi hufika saa tisa, wakiwa wametoka kuchota maji, na zoezi limeshafika nusu.