Kitanda Usichokilalia: Hotuba juu ya Huruma na Unyenyekevu wa Kiongozi

(Ilisomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo yachapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri.)



Halmashauri iliniagiza niseme juu ya mambo yamfunzayo kiongozi kuwa mtu wa huruma na mnyenyekevu. Nilipopokea barua ya Katibu nalifikiri kuwa hilo ni jambo la mawaziri na wakuu wa mikoa. Karani ana neno gani hapo? Lakini nilipolitafakari zaidi naliona kuwa latuhusu sisi kwanza. Maana mtu wa shamba ajapo mjini na shida yake hamwoni waziri. Amwona karani. Yule aliye nyuma ya dirisha, mwenye faili na mhuri, ndiye Serikali yote machoni pake siku ile. Kwa hiyo nisemapo "kiongozi" nina maana ya kila mtu ambaye shauri la mwenziwe limewekwa mkononi mwake, awe Rais wa nchi au awe mwandishi wa daftari la wageni.

Wahenga walinena, Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tena walinena, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa methali hizi watu wengi husadiki kuwa taabu ndiyo mwalimu wa huruma: mtu aliyeonja njaa atawahurumia wenye njaa, na aliyetukanwa hatatukana. Ningependa iwe hivyo, lakini macho yetu yatuonyesha mengine.

Baba yangu alipostaafu alikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kufuatia kiinua mgongo chake. Alikwenda mara saba. Kila mara aliambiwa, "Mzee, njoo kesho," pasipo kuelezwa ni karatasi gani iliyopungua. Kijana aliyemwambia hivyo hakuwa mtoto wa tajiri. Alitoka kijiji cha jirani na chetu, na ada yake ya shule ililipwa kwa ng'ombe wa mjomba wake. Kitanda kile alikijua, na kunguni wake wote aliwajua. Ila alipokwisha kuamka hakutaka kukitazama tena. Siku ya nane baba alimkuta karani mwingine, mama wa makamo. Huyu alimpa kiti, akafungua faili, akamwonyesha kwa kidole kuwa sahihi moja na picha moja hazimo. Shauri lililokaa miezi mitano likaisha kwa siku mbili.

Basi taabu peke yake haimfundishi mtu. Wako waliopigwa wakajifunza huruma, na wako waliopigwa wakajifunza kupiga. Ni nini kinachowatenga hawa na wale? Kwa maoni yangu ni mambo matatu: kukumbuka, kushuka, na kukubali kuambiwa. Nitayaeleza kwa kutazama maisha ya mtu mnayemjua nyote, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Jambo la kwanza ni kukumbuka. Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, lakini msidhani kuwa mtoto alilelewa katika jumba la fahari. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi, na mtoto alikulia katika nyumba ya mama yake, akishika kazi za shamba na mifugo kama watoto wenziwe. Mwaka 1934 alipata kuingia shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Toka huko alikwenda Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 akavuka bahari kwenda chuo kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada yake.

Watoto wa rika lake waliobaki Butiama walikuwa wangapi? Karibu wote. Naye hakulisahau hilo. Alikuwa na mfano aliowapa vijana wasomi, juu ya kijiji kilichopatwa na njaa. Watu walimkabidhi mmoja wao chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali akawaletee wengine chakula. Mtu huyo akila, akashiba, kisha asirudi, ni msaliti.

Angalieni jinsi mfano huu ubadilishavyo fikira za mtu juu ya cheo chake. Adhaniye kuwa elimu yake ni mali yake mwenyewe humwona ajaye dirishani kuwa ni mwombaji. Ajuaye kuwa alilishwa na wengine humwona kuwa ni mdai wake. Mwombaji tumezoea kumfukuza. Mdai hatuna budi kumkaribisha na kumpa hesabu.

Jambo la pili ni kushuka. Kumbukumbu hufifia kama wino ulioachwa juani. Hata mwenye nia njema, akikaa miaka mingi katika kiti chenye mto, husahau ugumu wa benchi. Mpanda ngazi hushuka, nasi twajua. Lakini ni heri ashuke kwa hiari yake, mara kwa mara, kuliko kungoja siku ya kushushwa.

Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Waliotutangulia katika kazi hii walijua vema uzito wa amri ile. Mwalimu hakuwa mtumishi wa Serikali. Alikuwa akifundisha katika shule ya misheni huko Pugu. Hata hivyo zamu yake ilifika. Mwezi wa Machi 1955 ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na uongozi wa TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Akaacha mshahara, akiwa na jamaa ya kulisha, akafuata chama ambacho hakikuwa na fedha za kumlipa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa Waziri Mkuu. Hata miezi miwili haikupita. Januari 1962 alijiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti kile, akaenda kuzunguka nchini kusema na watu na kukitengeneza chama. Alirudi Desemba 1962 akiwa Rais. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu alikasirika, akawafukuza mamia yao, na wako wasemao kuwa adhabu ile ilizidi kosa. Lakini papo hapo alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, alikwenda kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200.

Mtu aweza kusema kuwa safari kama ile ni maonyesho tu. Huenda. Lakini miguu haina habari za maonyesho. Huuma vile vile. Na mkubwa ambaye nyayo zake zimeuma wiki hii atasoma kwa macho mengine barua ya mwanakijiji aombaye zahanati iwe karibu.

Jambo la tatu ndilo gumu kupita yote, nalo ni kukubali kuambiwa. Wahenga walisema, Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi naongeza: mkubwa naye msifuni, lakini na kosa lake mlinene.

Mwaka 1968 Mwalimu aliandika kuwa watu hawaendelezwi na mtu, hujiendeleza wenyewe, na kuwa kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kulazimisha. Lakini Novemba 1973 alitoa amri kwamba watu wote wa mashambani wawe wanakaa katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihama. Mahali pengi walihamishwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zilitiwa moto ili wasirudi.

Naomba tujiulize, wenzangu: ni mkono wa nani ulioshika kibiriti? Amri ilitoka juu, na lawama ya juu haiondoki. Lakini aliyefika kijijini asubuhi ile alikuwa mtumishi, mwenye karatasi mkononi na tarehe ya mwisho kichwani. Alimwogopa mkubwa wake, naye mkubwa wake alimwogopa aliye juu zaidi. Wote walitaka kuandika katika taarifa zao kuwa kazi imekwisha. Taarifa za namna hiyo zipandapo ngazi huacha machozi chini, zikafika juu zikiwa ni hesabu tupu ya kaya zilizohama.

Hapa ndipo nionapo funzo kubwa kwa watu wa kazi yetu. Unyenyekevu wa kiongozi mmoja hautoshi. Hata awe mpole namna gani, iwapo walio chini yake wanaogopa kumwambia kweli, ukali utatendwa kwa jina lake. Huruma yapasa ikae katika kila ngazi, hasa ile ya chini kabisa, mahali ambapo amri yakutana na mtu.

Sifa ya Mwalimu ni kwamba alikubali kuisema kweli iliyomuumiza yeye mwenyewe. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka 10, aliandika waziwazi yale yaliyoshindikana. Mwaka 1984 alisema kuwa kama angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Mwaka 1985 aliuacha Urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao.

Sasa turudi katika nyumba yetu. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba, karani kama sisi. Mtu huyu alikuwa amefungwa na Wadachi wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Angeweza kuitafuta raha yake peke yake baada ya taabu ile. Yeye akawakusanya wenziwe. Chama cha watumishi chadai haki za wanachama wake, nayo ni kazi njema. Lakini dai letu la kutendewa kwa heshima litakuwa na nguvu gani, iwapo mzee aliyeketi barazani tangu asubuhi hapati heshima hiyo kwetu?

Wengine watanijibu kuwa watu ni wengi, watumishi ni wachache, na ofisi ikianza kuhurumia kila mtu sheria zitalegea. Nawajibu hivi. Yule mama aliyemhudumia baba yangu hakulegeza sheria hata moja. Sahihi ilitakiwa, na sahihi ililetwa. Picha ilitakiwa, na picha ililetwa. Alichofanya ni kumwambia mtu kweli kwa wakati wake. Tena aliipunguzia ofisi kazi, kwa maana mtu aliyerudishwa mara saba amehudumiwa mara saba pasipo faida.

Kwa hiyo nina mashauri manne, nayaweka mbele ya mkutano. Kwanza, kila mwanachama akae katika benchi la ofisi yake walau saa moja kwa mwezi, pamoja na wangojao, asikilize yasemwayo pale. Pili, tusimwambie mtu "kesho" ila kama shauri lake kweli litatengenezwa kesho. Na ikiwa kitu kimepungua, tumwandikie katika karatasi, ili ajuaye kusoma nyumbani kwake amsaidie. Tatu, mkubwa wa ofisi awaulize tarishi na mfagiaji ni jambo gani linalowaumiza watu mahali pake, wala asiwachukie kwa jibu watakalompa. Hao husikia mengi yasiyofika mezani. Nne, ikija amri ambayo twaona itawaumiza watu, tuandike tuyaonayo, kwa adabu na kwa sahihi zetu, tuipeleke kwa mkubwa kabla mambo hayajaharibika. Mtumishi anyamazaye ili alinde cheo chake hamtumikii mkubwa wake. Amwacha atembee gizani, na wanaokanyagwa ni wengine.

Shauri hili la nne lina gharama, nami siwafichi. Pengine mtu atacheleweshwa kupandishwa cheo, pengine atahamishwa. Ndiyo sababu sisemi alifanye mmoja peke yake. Nasema tulifanye kama chama, ili barua iwe na sahihi nyingi, na anayeumia kwa ajili yake awe na watu wa kumtetea.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Mwenye swali au pingamizi naomba aseme bila kunistahi. Maana aliyehubiri habari za kukubali kuambiwa hana ruhusa ya kukimbilia mlangoni.