Mnunuzi wa Shambani Awe Nani?

Mpunga ukishavunwa, wanunuzi hufika hadi shambani. Je, raia wa kigeni anaruhusiwa kununua hapo?

Jibu ni hapana. Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15. Miongoni mwake ni ununuzi wa mazao shambani, saluni, ufundi simu na uwakala wa fedha kwa simu.

Mgeni atakayekiuka atakabiliwa na faini inayoanzia shilingi milioni 10 au kifungo, na anaweza kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Nawe Mtanzania ukimwazima jina au leseni yako, faini ni shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Amri hii haimfukuzi kila mgeni. Ajira za wageni, tofauti na biashara hizo, zina sheria yake ya mwaka 2015, inayodai kibali cha kazi.

Mkulima mwenzangu, mnunuzi akija, mwombe leseni kabla hujafungua gunia. Ukiwa na shaka, fika kwa afisa biashara wa halmashauri yako.