Mfumo wa Taarifa za Zahanati Unamhitaji Mwananchi



Nazungumzia jambo ambalo wengi hulidhani ni la wataalamu peke yao: mifumo ya taarifa katika vituo vyetu vya afya.

Kila afikaye zahanati huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5, na mama anayejifungua katika kitabu namba 12. Kila mwezi takwimu hizo hujumlishwa na kuingizwa katika kompyuta. Dawa nazo huombwa kwa kupima kiasi kilichotumika, kisha hutoka Bohari ya Dawa, yenye kanda Mbeya na Iringa.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa ikiisha kwa wiki tatu, na siku hizo zisiandikwe, mfumo utaona matumizi madogo na kukokotoa mahitaji madogo. Kumbe wagonjwa walikuwapo, ila walirudi nyumbani mikono mitupu. Kompyuta hujumlisha kile tu ilichopewa.

Nani atakayegundua? Msimamizi wilayani huona tarakimu. Mhudumu zahanati ana foleni mlangoni. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninyi ndio mnaojua siku mlizoambiwa dawa hakuna.

Kwa sababu hiyo kila kituo kina Kamati ya Usimamizi, yenye wawakilishi wa watumiaji wa huduma, na mganga mfawidhi ndiye katibu wake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo. Kamati hujadili mpango wa matumizi ya fedha hizo.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mwulizeni mjumbe wenu kikao kilikaa lini, na taarifa ya dawa isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Pili, watumishi wenzangu, takwimu zilizopanda wilayani zirudi kijijani. Mhudumu asiyeona faida ya kitabu hukijaza kama adhabu, na mwananchi asiyesomewa taarifa hawezi kuisahihisha.