Ngoma Iliyosahauliwa Ulaya, na Funzo Lake kwa Watu wa Garissa

Mvua za Gu zinyeshapo vema katika nchi za Garissa, Wajir na Mandera, malisho huota, ngamia hutoa maziwa tele, na watu waliotawanyika kutafuta maji hukusanyika tena. Huo ndio wakati wa furaha na arusi, na ndio wakati wa dhaanto. Vijana hujipanga safu wakielekeana, hupiga makofi na kukanyaga ardhi kwa pigo moja. Mmoja hutoa shairi, na wengine humwitikia. Wazee husema kwamba mwendo wa ngoma hiyo ya Wasomali huigiza mwendo wa ngamia.

Mtu aliyekulia katika ngoma hiyo aweza kudhani kwamba haitapotea kamwe. Yafaa basi asikilize habari ya ngoma moja ya Ulaya. Ngoma hiyo ilichezwa na mabingwa, katika jumba zuri, mbele ya wakubwa na matajiri. Walakini baada ya miaka 7 tu hakupatikana mtu hata mmoja aliyeweza kuikumbuka yote.

Ngoma za namna hiyo huitwa baleti. Wachezaji wake hawasemi neno. Habari yote huelezwa kwa hatua, kwa mikono na kwa muziki. Wala si kazi ya kubahatisha. Katika mji wa St Petersburg, nchini Urusi, palikuwa na shule ya Mfalme ambayo watoto waliingia wangali wadogo, wakafundishwa kila siku kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuitwa wachezaji. Mwalimu alimwonyesha mwanafunzi kwa mwili wake mwenyewe, na mwanafunzi alipokuwa mwalimu alifanya vivyo hivyo.

Mwaka 1909 Mrusi mmoja, jina lake Sergei Diaghilev, aliwachukua mabingwa wa huko akawapeleka Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Yeye hakuwa mchezaji. Ustadi wake ulikuwa kuwakutanisha watunzi wa muziki, wachoraji na wachezaji, wakafanya kazi moja. Watu wa Paris walistaajabu sana, hasa walipomwona kijana Vaslav Nijinsky akiruka juu, kana kwamba hataki kushuka.

Nijinsky huyo ndiye aliyetunga hatua za ngoma inayohusika na habari hii. Jina lake kwa Kifaransa ni Le Sacre du printemps, nayo yahusu kafara ya kale iliyotolewa majira ya baridi yalipokwisha na majani yakaanza kuchipua. Watu wa kabila hukusanyika, wazee hubariki ardhi, na msichana mmoja huchaguliwa acheze mpaka afe. Muziki ulitungwa na Igor Stravinsky, ambaye alitumia baadhi ya nyimbo za kienyeji. Na Nicholas Roerich alichora nguo kwa kufuata mavazi ya watu wa mashambani. Kwa hiyo sanaa hiyo iliyoletwa mbele ya matajiri ilikuwa imechota nguvu zake kwa wanavijiji wa Urusi, ambao hapana mtu aliyewaita mabingwa.

Ngoma hiyo ilionyeshwa kwanza tarehe 29 Mei, 1913. Wachezaji walikanyaga kwa kishindo, magoti yameinama na miguu imeelekezwa ndani, kinyume cha kawaida ya baleti. Watazamaji wengine walicheka, wengine wakapiga kelele, na wengine wakawakemea wapiga kelele, hata wachezaji wasiweze kusikia muziki vizuri. Nijinsky alisimama juu ya kiti kando ya jukwaa, akiwahesabia hatua kwa sauti kubwa.

Baada ya usiku huo ngoma ilichezwa mara chache tu, Paris na London, jumla isiyozidi mara kumi. Mwaka huo huo Nijinsky aliachishwa kazi. Mwaka uliofuata vita kuu vikaanza, na baadaye Nijinsky akapatwa na ugonjwa wa akili. Diaghilev alipotaka kuirudisha ngoma hiyo mwaka 1920, muziki ulikuwapo, kwa sababu ulikuwa umeandikwa. Hatua hazikuwapo. Zilikuwa zimewekwa katika kumbukumbu za wachezaji peke yake, na kumbukumbu hizo zilikuwa zimefifia. Ikambidi amwagize Léonide Massine atunge hatua nyingine kabisa.

Miaka mingi baadaye, Mmarekani Millicent Hodson alianza kuzitafuta hatua zile za kwanza. Aliwauliza wazee waliokuwapo, na mmoja wao alikuwa Marie Rambert, aliyemsaidia Nijinsky kuwafundisha wachezaji, na ambaye aliandika maelezo kwenye karatasi za muziki. Alitazama pia picha zilizochorwa na Valentine Gross wakati ngoma ilipokuwa ikichezwa. Mwaka 1987 kundi la Joffrey Ballet la Marekani likaicheza ngoma hiyo tena. Ilikuwa imepita miaka 74. Na hata hivyo pengo lililokosa shahidi lilibidi lizibwe kwa kukisia.

Hapa ndipo habari hii inapowahusu watu wa Garissa. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi katika nchi za kaskazini ya Kenya, na jamaa nyingi zilihamia mijini. Kijana aliyekulia mjini hamwoni ngamia kila siku, wala hakai usiku kucha pamoja na wazee. Arusini aweza kusikia dhaanto ikipigwa kwa kinanda. Lakini nani atamweleza shairi lile lilitungwa na nani, na kwa sababu gani?

Jambo hili si la Garissa peke yake. Ngoma ya Isukuti, ya Waisukha na Waidakho wa magharibi ya Kenya, iliandikwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa wanaoirithi walizidi kupungua.

Wako wazee wasiopenda wavulana na wasichana kucheza pamoja, na neno lao lastahili heshima. Hilo ni shauri la wenyeji wenyewe. Lakini kuamua kuacha jambo ni mbali na kulipoteza kwa kutojali. Tangu mwaka 1972 lugha ya Kisomali ina maandishi yake rasmi. Basi mashairi yaweza kuandikwa. Simu yaweza kuchukua picha za hatua. Mwalimu wa shule aweza kumwalika mzee aje awaonyeshe wanafunzi, na mwanafunzi aweza kuandika jina la ngoma, majira yake, na aliyemfundisha mzee huyo.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, ila yahitaji kufanywa wazee wangali hai. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hodson alibahatika kumkuta Marie Rambert angali hai. Angalichelewa miaka michache zaidi, asingalimkuta.