Kaa Kidogo Kwenye Kiti cha Mwenzako

Maneno yaliyotolewa mbele ya familia zilizohamishwa na vita na viongozi wao



Leo sikuleta ubao wala chaki. Mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Amelima, amelea watoto, amekimbia vita. Ukimsomea sheria saa nzima atatikisa kichwa kwa heshima, halafu atarudi nyumbani na mawazo yake yale yale. Ndiyo maana tunatumia igizo la pamoja. Augusto Boal wa Brazil alilieneza tangu miaka ya 1970: mtazamaji anaruhusiwa kuinuka, kuingia mchezoni na kujaribu njia nyingine.

Igizo letu ni hili. Mama mjane anarudi kijijini baada ya miaka mitano ukimbizini. Anakuta shamba la marehemu mume wake linalimwa na baba mwingine. Baba huyo anasema alilinunua kwa shemeji wa mama, na karatasi anayo. Chefu aliitia sahihi. Wote hao wana watoto wa kulisha.

Tunagawa watu sita sita. Kila mmoja anapewa nafasi: mjane, mnunuzi, shemeji, chefu, jirani, kijana. Anaelezwa kwa siri anachokijua na anachokiogopa. Asiyejua kusoma anaambiwa sikioni. Wanazungumza nusu saa. Kisha tunasimamisha, wanabadilishana nafasi na kuanza tena.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika kikao kimoja chefu mmoja aliomba acheze chefu. Tukamwomba acheze mjane. Mnunuzi akaja na ndugu zake, wakasimama nyuma yake. Mzee wetu akajikuta peke yake mbele yao, maneno yakamkauka. Mwishoni alituambia: "Miaka yote nilidhani wajane wananyamaza kwa sababu hawana hoja." Toka siku hiyo alianza kusikiliza kila upande peke yake kwanza, kabla ya kuwaleta pamoja barazani. Somo hilo hatukumwambia sisi. Alilipata mwenyewe.

Baada ya mchezo tunakaa duara na kuulizana: Ulisikia nini moyoni? Neno gani lilikukasirisha? Neno gani lilikutuliza? Msiruke sehemu hii, kwa maana hapa ndipo mafunzo yanapoingia.

Na hapa ndipo tunaleta sheria, kwa sababu sasa watu wanaiuliza wenyewe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, kwa hiyo karatasi ya kuuziana kijijini haitoshi kuwa hati. Sheria ya familia ya mwaka 1987 iliwaweka watoto wa marehemu, wasichana na wavulana, kuwa warithi wa kwanza. Basi shemeji hawezi kuwapita. Na Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema kurudi ni kwa hiari, kwa usalama na heshima, na wenye mamlaka wana wajibu wa kuwasaidia kupata tena mali zao, au fidia kama haiwezekani.

Ndugu zangu, kuna mambo ya kuangalia. Msiigize kesi ya mtu aliyeko kikaoni, wala msitumie majina ya kweli au ya makabila. Msiigize usiku wa mashambulizi. Kidonda kibichi hakichezewi. Asiyetaka kucheza asilazimishwe. Mtu akilia, simamisheni, na mtu anayemwamini akae naye. Na mwisho wa mchezo kila mmoja aseme jina lake mwenyewe, ili aache kiti kile na hasira yake.

Igizo halirudishi shamba. Halichukui nafasi ya tribinali wala baraza la wazee. Lakini siku ya kurudi, wengi wenu mtakutana na mtu amesimama kwenye shamba lenu, na wengine mtakuwa mmesimama kwenye shamba la mtu. Siku hiyo neno la kwanza ndilo linaloamua kama mtaita wazee au mtaita mapanga. Neno hilo linafaa kujaribiwa hapa kwanza, ambapo kukosea hakumwagi damu.

Sasa tuinuke, tupange viti.